Mafuriko ya masika ya 2024 na ukingo ambao hatukuujenga

 Wakati wa masika ya mwaka 2024, katika makanisa mengi ya Tanzania, Kenya na Burundi, maombi ya waumini yalitaja mafuriko. Tuliwaombea waliofariki, waliojeruhiwa na wale waliokuwa wakilala madarasani kwa sababu nyumba zao zilikuwa zimekwenda na maji. Baada ya ibada wengi wetu tulitoa unga, maharage, blanketi na nguo. Ni jambo jema na tusichoke kulifanya. Lakini kabla hatujasema amina, naomba tutafakari pamoja swali moja: zaidi ya kuwafariji waliofiwa, Mungu anatudai nini kuhusu mafuriko haya?

Kwanza tuyatazame yaliyotokea. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge jijini Dodoma kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi wengine 236. Zaidi ya kaya 51,000 zenye watu wapatao 200,000 zilikuwa zimeathirika. Nyumba, mashamba, barabara, madaraja, reli na shule viliharibika. Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, vijiji viligeuka ziwa. Jijini Arusha, asubuhi ya Aprili 12, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji, na watoto waliokuwa wakienda shule wakarudishwa nyumbani wakiwa maiti. Tena tuliingia masika hayo tukiwa bado na jeraha la Hanang, ambako Desemba 3, 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka mlimani na kuua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji jirani.

Kwa majirani zetu hali ilikuwa hiyo hiyo. Kenya, kufikia Mei 2024, Serikali ilikuwa imeshahesabu vifo zaidi ya 250 tangu Machi. Usiku wa kuamkia Aprili 29, maji mengi yalishuka kwa kishindo eneo la Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, yakabeba nyumba pamoja na watu waliokuwa wamelala ndani. Mwanzoni ilisemekana kwamba bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ya nchi hiyo ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia yake ya kupita chini ya tuta ilikuwa imeziba, kisha yakavunja na kushuka yote kwa mara moja. Naomba uyashike maelezo hayo, maana tutayarudia. Shule za Kenya zilizokuwa zifunguliwe mwishoni mwa Aprili zilifunguliwa Jumatatu, Mei 13. Ijumaa, Mei 10, Rais William Ruto aliifanya kuwa siku ya mapumziko ya kuwakumbuka waliofariki na kupanda miti. Burundi nako, maji ya Ziwa Tanganyika na Mto Rusizi yalipanda mpaka Gatumba na mitaa ya Bujumbura ikazama, na Aprili Serikali ya nchi hiyo ikaomba msaada wa mataifa.

Sasa, misiba hii inapotufikia, kuna maneno mawili tunayoyasema haraka sana. La kwanza ni kwamba Mungu ametukasirikia. Mtu anasimama na kusema watu wa bonde fulani walikuwa walevi, au nchi fulani imemwacha Mungu, ndiyo maana maji yamewachukua. Bwana wetu alishalijibu neno hilo. Katika Luka 13 aliwakumbusha watu habari za mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, akawauliza kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Jibu lake lilikuwa hapana. Kisha akawageuzia maneno waliokuwa wakimsikiliza, akawataka watubu wao. Yesu hakuruhusu msiba wa jirani uwe nafasi ya kumhesabia dhambi zake. Aliufanya uwe nafasi ya kujitazama. Mtoto aliyekufa ndani ya gari la shule hakuwa na deni lolote ambalo watoto wetu hawana.

Neno la pili ni laini zaidi, na kwa sababu ni laini linapita bila kuulizwa. Tunasema ni mapenzi ya Mungu. Tunasema kazi yake haina makosa. Mwenye kufiwa anapolisema akiwa juu ya mkeka, tumwache, maana hilo ndilo shikizo lake asianguke. Lakini neno hilo likitoka kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha mtaro, au kwa aliyetoa kibali cha kujenga mahali pasipostahili, au kwa aliyeuza kiwanja akijua kwamba kila masika panajaa maji, hapo si neno la imani tena. Ni pazia. Mtu anamsukumia Mungu kosa ambalo ni lake mwenyewe.

Mpendwa msomaji, Biblia ina amri moja ambayo hatuisikii mara nyingi mimbarani. Imo katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije akaleta hatia ya damu juu ya nyumba yake endapo mtu ataanguka kutoka huko juu. Nyumba zao zilikuwa na dari tambarare. Huko juu watu walianika nafaka, walipumzika jioni, hata kulaza wageni. Mtoto akicheza karibu na ukingoni, au mgeni akiamka usiku bila kujua mahali alipo, angeweza kuanguka na kufa.

Tazama jinsi amri hiyo ilivyo. Mungu hakusubiri mtu aanguke ndipo atoe maagizo ya kumsaidia mjane. Hayo aliyatoa mahali pengine. Hapa anazungumza na mjenzi wakati hakuna aliyeanguka bado, tena hakuna hata jina la yule atakayeanguka. Na hakusema kwamba akianguka yatakuwa mapenzi yake. Alisema damu itakuwa juu ya nyumba. Kwa maneno mengine, ajali inayoweza kuzuilika, isipozuiliwa, ina mwenyewe. Kumpenda jirani kunaanzia kwenye mawe na udongo wa ukingo, kabla ya mgeni kupanda darini.

Kwa kipimo hicho naomba tuitazame kazi ya Serikali, bila chuki na bila kujipendekeza. Kazi hiyo ina sehemu mbili: ile inayofanyika mtu akishaanguka, na ile ya kujenga ukingo.

Katika sehemu ya kwanza yapo mengi ya kushukuru. Maporomoko ya Hanang yalipotokea, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi. Alikatisha safari yake akarudi, akaenda Katesh kuwaona waathirika. Majeruhi walitibiwa, na Serikali ikaanza kuwajengea nyumba waliopoteza zao. Rufiji walipelekewa chakula na mahema, na askari wetu waliingia majini kuwatoa watu. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilitoa taarifa baada ya taarifa. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari, wavuvi wakaambiwa wasiingie baharini. Kimbunga kilifika Mafia Mei 4, kikaharibu, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Lindi katika Wilaya ya Kilwa. Lakini fikiria kama boti zingekuwa zimejaa abiria katikati ya bahari siku ile. Ukimya wa bandarini ulikuwa ni ukingo wa dari. Huo ndio ushahidi kwamba tunaweza.

Katika sehemu ya pili hesabu yetu si nzuri. Msimu huo haukuja kama mwizi. Agosti 2023 TMA ilitangaza kwamba vuli ingekuja na El Nino, na ofisi za serikali zikaandaa mipango ya dharura. Kwa hiyo habari tulikuwa nazo. Tunayo pia Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayotaka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya chini kabisa. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Jiulize, msomaji wangu: unamjua mwenyekiti wa kamati ya maafa ya kata yako? Umewahi kuona imekutana kabla ya mvua? Na mto ulio karibu nawe, nyumba ya kwanza iko mita ngapi kutoka majini?

Kenya walikuwa na shida nyingine. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wameonya juu ya El Nino, lakini Oktoba 2023 Rais Ruto aliwatangazia wananchi kwamba El Nino iliyotabiriwa haitakuwapo tena, ila mvua za kawaida nyingi kidogo. Mwezi uliofuata mafuriko yakaua watu wengi. Mwananchi anayesikia leo kwamba mvua inakuja na kesho kwamba haiji, keshokutwa hatahama hata ukimwambia kwa kipaza sauti. Mlinzi wa mji anayepiga tarumbeta mbili zinazopingana amewalaza watu usingizi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, aliambiwa wazi kwamba mlinzi asiyeonya atadaiwa damu.

Turudi sasa kwenye tuta la reli la Mai Mahiu. Kama maelezo ya wizara ndiyo hayo, basi kilichoua watu pale ni mvua pamoja na njia ya maji iliyoziba. Mvua ilitoka mbinguni, lakini kuzibua njia ile ilikuwa kazi ya binadamu mwenye sepeto, mwenye mshahara na mwenye bosi. Ni kazi isiyo na sherehe. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuja kukata utepe wa kalavati lililozibuliwa. Huenda ndiyo sababu haifanyiki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini sisi tumezoea kusubiri ukuta, kwa kuwa ukuta mpya una jiwe la msingi lenye jina la mtu.

Nyumbani kwetu mfano mkubwa ni Bonde la Msimbazi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam. Wakazi wa Jangwani na mabonde mengine walipewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao. Baadhi walirudi bondeni, na tukawacheka kwamba hawana akili. Miaka michache baadaye nyumba zikawekewa alama nyekundu ya X na matingatinga yakaingia. Lakini katika bonde hilo hilo la Jangwani ikajengwa pia karakana ya mabasi yaendayo haraka, na zaidi ya mara moja maji yameingia na kuyakuta mabasi humo. Ndugu zangu, tuseme ukweli. Mama anayeuza mihogo ambaye alirudi bondeni ili awe karibu na soko tulimwita mkaidi. Wataalamu waliosoma, waliokuwa na ramani na fedha, walijenga palepale.

Simwambii mtu abaki kwenye njia ya maji. Abaki ili afe? Lakini kuhamishwa nako kuna haki yake. Huko Nairobi, katika mtaa wa Mathare na kwingineko kandokando ya mito, matingatinga yaliingia katikati ya mvua kubomoa nyumba za watu ambao maji yalikuwa yamekwisha kuwabomolea nusu. Mei 2024 Rais Ruto aliahidi kila kaya iliyohamishwa Sh10,000 za Kenya ili itafute mahali pa kukaa kwa muda. Ni bora kuliko mkono mtupu. Hata hivyo kodi ya mwezi mmoja inaisha baada ya mwezi mmoja. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anamkemea mtu anayemuaga ndugu asiye na nguo wala chakula kwa maneno mazuri, akimtakia joto na shibe bila kumpa kitu. Kumwambia maskini ahame bila kumwonyesha pa kuhamia ni salamu ya namna hiyo hiyo. Mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ambao uliwalipa wakazi fidia ili waondoke, utapimwa kwa jambo hilo hilo: je, fidia inamfikisha mtu mahali pengine pakavu, au inamhamishia kwenye bonde lingine?

Nisipoitaja Rufiji nitakuwa sijasema lolote. Warufiji wameishi na mto wao kwa vizazi vingi. Kwao maji si adui tu. Yakipungua huacha udongo wenye rutuba, na hapo ndipo hulimwa mazao ya mlau. Wazee wao walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mtu aliweza kukaa maji yakiwa chini yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliwahamisha wengi kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko. Lakini shamba lilibaki bondeni, na mtu huenda liliko shamba lake.

Leo juu ya mto huo kuna Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme. Sote tumeufurahia umeme huo, hasa tukikumbuka mgawo. Masika ya mwaka huo yalipofika na mashamba ya Rufiji kuzama, baadhi ya wananchi waliona kwamba maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowazamisha. Serikali imekanusha. Imesema bwawa liliyashika maji mengi, na kwamba bila hilo mafuriko yangekuwa makubwa zaidi.

Safu hii haina mizani ya kupima mita za ujazo za maji. Lakini ina jambo la kusema kuhusu ukingo. Zamani mkulima wa Muhoro alitazama mbingu na kutazama rangi ya mto, akajua. Sasa mto una milango, na milango inafunguliwa kwa amri ya mtu. Kwa hiyo yule mkulima anahitaji kitu ambacho babu yake hakukihitaji: taarifa. Ajue mapema kwamba maji yanakuja, yatafika lini na yatapanda mpaka wapi. Aambiwe kwa lugha anayoielewa, kupitia simu, redio, msikiti na kanisa, akiwa bado na siku za kuvuna kinachovunika na kumtoa bibi asiyeweza kutembea. Umeme unaokwenda mjini una mwenzake anayelipa gharama kijijini. Dari ni letu sote, na ukingo wa Rufiji unatuhusu sote tunaowasha taa.

Wakati huo Bunge letu lilikuwa kwenye mkutano wa bajeti. Huwa tunaona bajeti ni mambo ya wanasiasa, tunaongoja tu kujua bei ya mafuta. Lakini msomaji wa Biblia amewahi kukutana na bajeti. Katika Mwanzo 41 Yusufu anasimama mbele ya Farao akiwa na taarifa ya hali ya hewa ya miaka 14: saba ya shibe na saba ya njaa. Hakumwambia Farao aitishe maombi kisha asubiri. Alipendekeza sehemu ya tano ya mavuno itengwe katika kila mwaka wa shibe, ghala zijengwe mijini, na wawekwe wasimamizi. Roho wa Mungu aliyekuwa ndani ya Yusufu alijidhihirisha katika mahesabu. Njaa ilipokuja haikuwakuta Wamisri wakikimbizana kutafuta mahema.

Basi tuwaulize wabunge wetu, kwa heshima wanayostahili, maswali ya Yusufu. Halmashauri yetu imetenga kiasi gani kwa ajili ya mitaro na makalavati kabla ya vuli? Kamati ya maafa ya kata ina fedha yoyote, au ina majina tu kwenye karatasi? Wahamishwao watapelekwa wapi, na huko kuna maji, shule na zahanati? Swali kama hilo si uasi. Warumi 13 hutufundisha kuitii mamlaka kwa kuwa ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi huulizwa kazi yake. Kumuuliza ni kumheshimu.

Lakini Yesu hakumaliza habari za Siloamu bila kuwageukia wasikilizaji, na mimi na wewe hatutapona. Waziri Mkuu alipozitaja sababu za maafa haya bungeni, alitaja uharibifu wa mazingira: ukataji wa miti, kilimo na ufugaji usiojali ardhi. Mkaa ule tunaununua sisi. Taka zilizoziba mtaro wa mtaa wetu hazikuletwa na Serikali. Mvua ilipoanza kunyesha usiku, kuna mtu alitoka na mfuko wake wa taka akautupa majini ili uende kwa wengine, na Jumapili akaja kanisani. Wapo wazee wa kanisa walionunua viwanja kwenye mkondo kwa kuwa vilikuwa rahisi, wakajaza kifusi, wakainua ukuta. Ukuta wao ukayasukuma maji kwenye chumba cha mjane wa upande wa pili. Huyo amejenga ukingo wa kujilinda yeye na kumwangusha jirani.

Kanisa linaweza kufanya nini? Kwanza, litumie sauti yake. Kila Jumapili tuna dakika za matangazo: harusi, michango, mkutano wa kwaya. Taarifa ya TMA ya wiki ingeweza kusomwa hapo, ikachukua dakika moja. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinamjua kila mgonjwa na kila kikongwe anayeishi peke yake. Hakuna ofisi yenye orodha nzuri kuliko hiyo. Maji yakija usiku, nani atamgongea bibi yule? Jina lake na la atakayemgongea yaandikwe sasa.

Pili, tutazame majengo yetu. Mara nyingi waathirika hukimbilia kanisani na shuleni. Je, kanisa letu liko mahali pakavu? Lina choo cha kutosha na maji? Je, ufunguo uko kwa nani saa nane za usiku? Na tukiwa katika ujenzi, tusije tukawa sisi wenyewe tumejenga ndani ya mita 60 kwa kuwa tulipewa kiwanja hicho bure.

Tatu, tushike sepeto. Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, sura ya tatu inatuambia kwamba wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Makuhani walijenga, wafua dhahabu walijenga, hata mtu mmoja na binti zake. Hakuna aliyeubeba ukuta mzima, na hakuna aliyengoja wa jirani uishe kwanza. Mtaro mbele ya nyumba yako na mtaro mbele ya kanisa lako ndiyo sehemu yako. Kwaya, vijana, umoja wa wanawake, kila kundi likichukua mita zake mwezi mmoja kabla ya vuli, tutakuwa tumefanya ibada ambayo hata asiyekuja kanisani ataielewa.

Mei hiyo Kanisa lilikumbuka kupaa kwa Bwana. Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, inaeleza kwamba alipochukuliwa, wanafunzi walibaki wamekaza macho juu mbinguni. Watu wawili wenye mavazi meupe wakawauliza kwa nini wamesimama wakitazama juu. Ni swali la upole, lakini linawarudisha mjini Yerusalemu, kwenye kazi iliyokuwa ikiwangoja. Sisi nasi tulisimama kwa wiki nyingi tukitazama mawingu, tukiomba yapungue. Masika huisha, jua hutoka, matope hukauka, nasi husahau. Hiyo ndiyo hatari yenyewe, kwa maana ukingo hujengwa wakati wa jua.

Vuli huanza Oktoba. Kati ya mwisho wa masika na siku hiyo kuna miezi michache. Katika miezi hiyo bajeti itapita, kamati zitakutana au hazitakutana, mitaro itazibuliwa au itaachwa. Kuna mtoto mahali fulani katika nchi hizi ambaye leo yu hai na anacheza, na uhai wake Oktoba unategemea yatakayofanyika kuanzia kesho. Jina lake hatulijui, kama vile mjenzi wa Israeli hakujua jina la mgeni wake. Mungu analijua, naye ndiye aliyetuagiza tuweke ukingo.

Mungu awafariji waliofiwa, awape wenye mamlaka hekima ya Yusufu, na atupe sisi sote mikono isiyochoka. Amina.